Gego Limetoboka? Usikimbilie Kung'oa!

Mwezi huu tuweke pembeni habari za nywele na manukato, tuingie mdomoni. Tena tusiishie pale mbele panapoonekana kwenye picha za harusi. Twende kule nyuma, kwenye magego, ambako kazi yote ya kutafuna nyama choma na mihogo inafanyika, na ambako wengi wetu hatuna habari nako mpaka siku moto uwake.

Maana tusidanganyane. Sisi watu wa mjini tunajipenda kwelikweli, lakini utamkuta kijana mtanashati, viatu vinang'aa, ana gego lenye tundu alilolizoea kama jirani yake. Upande wa kushoto ukiuma anahamia kulia. Akinywa maji ya baridi anakunja uso, halafu anajidai ni limau. Usiku likimzidi anaweka karafuu na kumeza vidonge viwili vya maumivu. Maumivu yakitulia anashukuru Mungu, tundu analisahau. Miezi inapita, siku moja anaamka shavu limevimba kama kameza andazi zima, anakimbia kliniki na ombi moja tu: "Dokta, ling'oe!"

Na nyumbani mazungumzo tunayajua. Mama anasema, "Baba Junior, si ulitoe tu hilo jino, kila siku kelele?" Baba anajibu, "Kuling'oa ni bei rahisi, mama, kuziba watanikamua." Hapo wote wawili wanapiga hesabu ya siku moja. Hesabu ya miaka kumi ni nyingine. Gego likitoka, majirani zake huanza kuegemea lile pengo taratibu, na jino la upande wa pili lililokuwa linakutana nalo huweza kushuka au kupanda kwa kukosa mwenzake. Ukija kutaka jino la bandia baadaye, bei yake na ya kuziba tundu dogo haviko kwenye daftari moja.

Sasa tatizo ni kwamba tundu linapokuwa dogo haliumi. Sehemu ya nje ya jino, enameli, ni ngumu kuliko mfupa na haina mshipa wa fahamu hata mmoja. Bakteria wa kwenye utando wa meno wanakula sukari uliyokula wewe, wanatoa asidi, asidi inayeyusha madini ya enameli kidogokidogo. Mwanzoni kabisa linatokea doa jeupe lisilong'aa, na hapo bado unaweza kurudisha mambo: mate na dawa ya meno yenye floraidi vinasaidia kurudisha madini yaliyotoka. Ukuta wa juu ukishabomoka, hakuna dawa ya kusugua itakayouota upya. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi, na uozo ukifika hapo unatanuka chini kwa chini. Ndiyo maana daktari anaweza kukuonyesha kidoa cheusi kama kichwa cha pini, akifungua ndani anakuta pango.

Baina ya gego na gego ndiko kubaya zaidi, maana kioo hakikuonyeshi kitu. Kule ni eksirei ndogo tu inayosema ukweli. Kwa hiyo kama wewe na mwenzio mna utaratibu wa kwenda kwa daktari wa meno mpaka muumwe, basi mnakwenda wakati habari imeshaharibika.

Tuje kwenye kuziba. Wengi tumekulia na picha ya lile dude la rangi ya fedha linalowaka mtu akicheka sana. Hilo ni amalgamu, mchanganyiko wa madini ambao karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Limefanya kazi kwa zaidi ya karne moja na nusu na ni gumu kufa mtu. Lakini lina tabia moja: halishikani na jino. Linakaa kwa sababu limefungiwa kwenye shimo lililochongwa kwa umbo maalumu, ndani pana kuliko mdomoni. Ili kupata umbo hilo, daktari alilazimika kukata na sehemu nzima zisizo na kosa lolote. Mmarekani G.V. Black, aliyeandika kanuni za uchongaji huo mwishoni mwa karne ya 19, alifundisha hata kupanua shimo kwa makusudi, ili uozo usianze tena pembeni. Kwa zama zake ilikuwa akili. Kwa jino lako, ni nyama iliyokatwa ambayo haitarudi.

Kilichogeuza mambo ni gundi. Mwaka 1955 daktari mwingine wa Marekani, Michael Buonocore, alichapisha habari kwamba ukiipaka enameli asidi ya fosforasi kwa muda mfupi, uso wake unakuwa na vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na plastiki ya maji ikiingia humo na kukauka, inang'ang'ania. Miaka michache baadaye Rafael Bowen akatengeneza aina ya resini iliyochanganywa na chembe ngumu za kioo, na hapo ndipo ilipozaliwa kompositi, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino. Za mwanzo zilikuwa za meno ya mbele tu, maana nyuma zilikuwa zinalika haraka. Za siku hizi zinahimili magego.

Faida ambayo watu wanaiona ni rangi. Mimi nasema faida kubwa ni ile usiyoiona: kwa kuwa kompositi inagandishwa kwenye jino lenyewe, daktari hana haja ya kuchonga pango la kuifungia. Anaondoa kilichooza, anabakisha kizima, anajaza. Tundu la ukubwa wa mbegu ya ufuta linabaki kizibo cha ukubwa wa mbegu ya ufuta. Na hata kwenye tundu refu linalokaribia kiini cha jino, utaratibu wa sasa ni kutokwangua kila kitu mpaka kiini kitoboke. Kingo zinasafishwa vizuri, na safu laini iliyo karibu kabisa na kiini inaweza kuachwa na kufunikwa isipate hewa wala chakula. Bakteria waliofungiwa bila sukari hawana jeuri.

Na hapa Bongo tusijione wageni katika jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980, mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo alikuwepo daktari Mholanzi Jo Frencken, ulianza kujaribu kuziba meno vijijini bila umeme na bila mashine. Uozo laini unachokolewa kwa vifaa vya mkono, kigumu kinaachwa, shimo linajazwa dawa inayoshika jino. Njia hiyo ikaja kujulikana duniani kwa jina la ART, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Dawa yao haikuwa kompositi, mara nyingi imekuwa aina ya simenti ya kioo, lakini wazo ni lilelile: usikate jino zima kwa kosa la kipande. Kwa hiyo mtu akikwambia mambo haya ni pozi za Ulaya, mkumbushe.

Basi siku ya kuziba inakuwaje? Kwanza ganzi, ingawa tundu likiwa la juujuu unaweza usiihitaji. Kisha gego linatengwa na mate, kwa pamba au, ikiwezekana, kwa kijishuka cha mpira kinachozungushiwa jino. Hapa ndipo penye roho ya kazi nzima. Gundi ya kompositi haipatani na maji, mate wala damu. Jino likilowa katikati ya kazi, kizibo kitatoka kizuri siku ya kwanza na kuvuja baadaye. Ukimwona daktari anahangaika na pamba na kamrija ka kunyonya mate, usinune, anakutengenezea miaka.

Baada ya kusafisha, anapaka jeli ya asidi kwa sekunde chache, anaosha, anakausha, anapaka gundi, halafu taa ya bluu. Taa hiyo ndiyo inayofanya resini igande. Kompositi ya kawaida inawekwa kwa tabaka za kama milimita mbili, kila moja ikimulikwa, maana mwanga haufiki mbali na dawa hii husinyaa kidogo inapoganda. Ikijazwa kwa mkupuo inaweza kuvuta kingo zake na kuacha mwanya. Zipo aina mpya zinazoruhusu tabaka nene zaidi, kama milimita nne. Tundu likiwa katikati ya meno mawili, kinawekwa kiutepe cha chuma na kabari ndogo, ili meno yagusane yanavyotakiwa na nyama ya mishikaki isipate makazi. Mwisho unauma karatasi ya rangi, panapogonga sana panapunguzwa, panang'arishwa. Ni kazi ya nusu saa mpaka saa moja kwa gego moja. Anayekwambia dakika tano, muulize vizuri.

Rangi inachaguliwa kufuata jino lako, si kufuata tangazo la dawa ya meno. Hili nawaambia hasa ndugu zangu wa Arusha na Kilimanjaro, ambao wengi meno yao yana rangi ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji waliyokunywa utotoni. Ule si uozo, na daktari mzuri atatafuta rangi inayofanana, si kukubandika kitu cheupe kama chaki.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kompositi si malaika. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2021 uliolinganisha aina hizi mbili kwenye meno ya nyuma ulionyesha kompositi ilikuwa ikiharibika karibu mara mbili zaidi ya amalgamu, hasa kwa uozo kurudi pembeni ya kizibo, ingawa waandishi wenyewe walisema ushahidi haukuwa wa uhakika mkubwa. Gego lililobomoka kuta nusu nzima, au tundu lililoshuka chini ya fizi mahali ambapo hapakauki, huenda likahitaji kofia au njia nyingine. Na kama kiini kimeshaoza, usiku unalia, hapo kinachozungumzwa ni kutibu mzizi kwanza.

Kuhusu zebaki, naomba tusitiane hofu. Kama una amalgamu ya zamani na ni nzima, iache ilivyo. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema wazi kwamba kuiondoa iliyo salama bila sababu ya kitabibu si jambo la kushauri, maana kuikwangua ndiko kunakotoa mvuke mwingi zaidi, tena unapoteza jino zima pembeni yake. Kuweka mpya ndiyo habari nyingine. Nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kwamba isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa matumizi mengi kuanzia Januari 2025, na Novemba mwaka huohuo wanachama wa mkataba wakaweka lengo la kuiaga kabisa ifikapo 2034. Kwa hiyo wanandoa mnaotarajia mtoto, haya ni mazungumzo ya kufanya kabla ya tumbo kukua. Mama mjamzito akiumwa jino asijifiche, meno yanatibika hata na mimba, mwambie tu daktari una miezi mingapi.

Ukifika kliniki usione aibu kuuliza. Uliza tundu lina kina gani na uonyeshwe kwenye eksirei. Uliza watalikausha jino kwa njia gani. Uliza kama kweli lazima kuziba leo au ni doa la kufuatilia kwa floraidi, maana si kila kidoa ni cha kuchongwa. Uliza bei kwa kila upande wa jino, kwa sababu wengi hutoza kwa ukubwa, na bima yako inalipia aina gani. Kaka, ukimsindikiza mwenzio, kaa naye ndani kama wanaruhusu. Wengi tunakimbia meno kwa woga wa sindano kuliko woga wa bei.

Kompositi inakuwa imeshaganda unapoinuka kwenye kiti, lakini mdomo bado una ganzi, kwa hiyo chipsi kuku ya njia panda isubiri, usije ukatafuna shavu lako mwenyewe. Baridi na moto vinaweza kusumbua siku kadhaa. Lakini ukiuma ukahisi kizibo kinatangulia kugonga kabla ya meno mengine, usijikaze eti utazoea. Rudi kesho yake, kinapunguzwa kwa dakika mbili.