Kukatika kwa Breki: Mwanzo wa Uchunguzi, si Mwisho Wake

Tarehe 24 Februari 2024, katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha–Namanga, lori liligongana na magari mengine matatu. Watu 25 walifariki dunia na wengine 21 wakajeruhiwa. Taarifa za awali zilieleza kuwa breki za lori hilo zilikuwa zimekatika.

Maelezo ya namna hii yamezoeleka nchini mwetu. Husomwa, husikitikiwa, kisha husahauliwa, kana kwamba breki hukatika kama mvua inavyonyesha. Maoni yetu ni kwamba maneno “breki zilikatika” hayaelezi chanzo cha ajali. Yanataja tukio ambalo lenyewe lina chanzo, na chanzo hicho chaweza kutafutwa kwa elimu ambayo mwanafunzi wa sekondari tayari anayo.

Na tuanze na hesabu. Lori lenye uzito wa tani 30, likienda kilometa 60 kwa saa, lina nishati ya mwendo ya juli milioni 4 na zaidi kidogo. Lori hilohilo likiteremka kimo cha meta 100 pasipo kuongeza mwendo, linapoteza nishati ya kimo ipatayo juli milioni 29. Yaani mteremko huo mmoja ni sawa na kulisimamisha lori mara saba. Nishati haipotei bure. Kama dereva anategemea breki peke yake, karibu yote hugeuka joto katika ngoma za chuma na viatu vya breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 90 hivi za maji hapa Arusha, ambako, kwa kuwa tuko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 za sentigredi.

Chuma kikipata joto hutanuka. Ngoma hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, na msuguano wenyewe hupungua. Dereva hukanyaga, lakini lori halitii. Ndiyo maana madereva wenye ujuzi hushuka kwa gia ndogo, injini ikisaidia kulizuia gari. Na ndiyo maana kuteremka gia ikiwa huru, ili kuokoa mafuta, ni kuweka rehani maisha ya watu. Barabara zinazozunguka miguu ya Mlima Meru, zenye kupanda na kushuka, hazisamehe jambo hilo.

Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa Ngaramtoni. Twasema kwamba swali hilo lina jibu. Katika malori mengi yenye breki za upepo, upepo ukiisha, springi hukaza breki za magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo kuvuja kwa upepo peke yake hakutoshi kueleza lori lisilosimama: yafaa kuuliza kama viatu vilikuwa vimelika, kama breki zilikuwa zimelegea, au kama mzigo ulizidi kiasi. Chuma huhifadhi ushahidi, mradi mabaki yasiuzwe kwa kilo kabla ya mtaalamu kuyatazama.

Kuna upande wa pili usiozungumzwa sana. Ajali nayo huzaa breki mbovu. Gari dogo likigongwa karibu na gurudumu, bomba la mafuta ya breki laweza kupata ufa usioonekana. Bodi hunyooshwa, rangi hupigwa, gari hurudi barabarani likiwa na sura njema. Mafuta huvuja polepole, hewa huingia. Na kwa kuwa hewa hubanika ilhali mafuta hayabaniki, nguvu ya mguu haifiki magurudumuni. Basi ajali ya leo yaweza kuwa mama wa ajali ya mwezi ujao.

Wapo watakaosema kwamba vipuri ni ghali. Ni kweli. Lakini kushuka kwa gia ndogo hakugharimu kitu. Kukanyaga pedeli ya breki kwa nusu dakika gari likiwa limesimama, na kutazama kama inazama taratibu, ni bure pia. Ikizama, gari hilo lisiondoke.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila ajali kubwa inayosemekana kuletwa na breki ichunguzwe na mafundi na wahandisi, na matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo dereva anaielewa. Arusha haina upungufu wa wataalamu: kuna Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa mwaka 1978, na shirika la TEMDO linaloshughulikia usanifu wa mitambo. Pili, gari lililogongwa lisirudi barabarani kabla breki zake hazijapimwa, hata kama dalili haionekani.

Nanyi walimu, somo la nishati msiliache kwenye kigari cha ubao kinachoteleza mezani. Wapeni wanafunzi uzito wa lori, kimo cha mteremko wanaoujua, na kalamu. Baadhi yao watakuwa madereva, mafundi, askari wa usalama barabarani na wenye magari. Atakayekuwa amekokotoa juli hizo kwa mkono wake hataridhika tena kuambiwa kwamba breki zilikatika tu. Atauliza: kwa nini?