Tembo Lililotiwa Maji

Wazee wa pwani walikwisha sema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi hata asiyesifiwa hulitia. Mnunuzi wa Mpeketoni au Witu huweza kuuziwa chupa ya maji, sukari ya dukani na hamira, naye akalipa bei ya tembo la mnazi.

Wengi wa wakulima wa skimu ya Lake Kenyatta asili yao ni bara, nao walianza kupewa mashamba huku katika miaka ya 1970. Minazi waliijulia hapa. Basi si aibu kuuliza. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara, na utomvu hudondoka katika kibuyu. Ni mtamu, lakini huanza kuchacha ungali juu ya mti. Baada ya saa chache tembo huwa kali, na kesho yake huelekea kuwa siki. Kwa hiyo mwulize muuzaji: limegemwa lini? Akisema ni la juzi, nalo lingali tamu bila kuchemshwa wala kuwekwa katika baridi, hapo pana sukari. Povu lisikudanganye, kwani hamira ya dukani nayo hutoa povu jingi.

Maji na sukari ni wizi tu. Methanoli ni kifo. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika Kenya, na wengine wakapofuka, kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo ya viwandani. Pua wala ulimi havitoshi kuitambua. Afadhali kununua kwa mgema unayemjua, na kwa muuzaji mwenye leseni kama itakavyo sheria ya vileo ya 2010.

Lakini mimi namlaumu pia mwenye shamba. Hukodisha minazi yake, hupokea fedha, asitazame tena kibuyu wala mtungi. Karara linalogemwa halizai nazi. Amekwisha kuzitoa nazi zake, kisha anaacha tembo liharibiwe sokoni kwa jina la shamba lake! Na aende mwenyewe asubuhi, aone vibuyu vimeoshwa na madebe hayakuwa ya dawa ya pamba. Lililobaki jioni lisichanganywe na la kesho. Liachwe liwe siki, liuzwe kwa jina hilo.