Neno Nusu ni Hasara

Wako wanaodhani ati tunasoma lugha kwa ajili ya mtihani tu. Mimi napinga. Dadangu yuko masomoni Japani, na maziwa ya ng'ombe humdhuru. Akionja tu, anavimba midomo. Alikuwa amekariri alama moja, ile ya "maziwa". Dukani, kila pakiti yenye alama hiyo aliirudisha upesi. Basi akanywa strungi mwezi mzima!

Kumbe maziwa ya soya, "tonyu", huandikwa kwa alama mbili: maharagwe, kisha maziwa. Ya ng'ombe ni "gyunyu": ng'ombe, kisha maziwa. Tofauti iko mwanzoni. Tena tonyu ni aina tatu: isiyotiwa kitu, iliyokolezwa kidogo kwa sukari au chumvi, na yenye ladha kama kahawa. Hiyo ya tatu, asiyetumia vitu vya mnyama asome viungo vyote, maana huenda imetiwa maziwa.

Sisi tuna bahati. Tui ni tui, halichanganywi na ya ng'ombe. Lakini wenzangu, tusijifunze neno nusu. Kuuliza si ujinga. Dadangu aliuliza, na sasa chai yake ni nyeupe.