Kampuni Ikifilisika, Wadai Wafanyeje?

Tuseme yuko mama mmoja wa Kasongo, naye hupeleka mchele kwa kampuni yenye wafanyakazi wengi. Kila juma magunia yake hupimwa, na karani wa ghala humwambia, "Mama, hesabu yako tutailipa mwisho wa mwezi." Mwezi wa kwanza alipwa yote. Mwezi wa pili alipwa nusu. Mwezi wa tatu akuta mlango umefungwa, mlinzi amekaa kizingitini, na watu wasema, "Kampuni imefilisika." Mama huyo tumemtunga sisi, lakini wengi wenu mtamtambua kuwa jirani yenu. Afanye nini? Avunje mlango, achukue meza na viti? Au akae nyumbani na kulia, huku watoto wake wakirudishwa kutoka shuleni kwa kukosa minervali?

Twajibu: asifanye hili wala lile. Iko njia ya sheria, na yafaa kila jamaa iijue mapema, kabla ya shida kubisha hodi.

Kwanza, kufilisika ni nini? Si kukosa fedha kwa siku mbili tatu. Kampuni imefilisika pale ambapo fedha iliyo nayo, na ile iwezayo kuipata upesi, haitoshi tena kulipa madeni ambayo siku yake imefika. Nchi yetu ya Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA, na tangu tarehe 12 Septemba 2012 sheria hizo ndizo zinazotumika kwetu. Ile inayohusu kufilisika ilitengenezwa upya mwaka 2015. Yaamuru kwamba kampuni isiyoweza kulipa itoe habari mahakamani katika muda wa siku 30. Ikinyamaza, hata mdai, yaani mtu anayeidai, aweza kuiomba mahakama ifungue shauri, ikiwa deni lake ni hakika, kiasi chake chajulikana, na siku ya kulipwa imekwisha kufika.

Mahakama ikiona kampuni yaweza kupona, huipa nafasi ya kujitengeneza chini ya ulinzi. Ikiona haiponi, huamuru mali yake iuzwe. Katika hali zote mbili huteuliwa msimamizi, ambaye sheria humwita sindiki, naye hufanya kazi chini ya macho ya hakimu. Tangu siku hiyo hakuna mdai awezaye kuivamia mali peke yake wala kuishitaki kampuni peke yake apate kulipwa. Wengine hunung'unika wakisema kwamba sheria yamlinda mwenye kosa. Sivyo. Yawalinda wadai wenyewe kwa wenyewe, kwani bila hiyo mwenye nguvu na mwenye gari angebeba vyote usiku mmoja, na yule mama wa mchele angekuta ukuta mtupu.

Basi wadai wote huitwa pamoja. Tangazo hutolewa katika gazeti la matangazo ya sheria, na wale ambao majina yao yamo katika vitabu vya kampuni huarifiwa. Kila mdai apeleke kwa sindiki maandiko yanayoonyesha ni kiasi gani anachodai na kwa sababu gani. Muda wake ni siku 60 baada ya tangazo la pili. Kwa wakaao nje ya nchi ni siku 90. Sindiki huyachungua madai hayo moja moja: mengine huyakubali, mengine huyakataa. Anayechelewa hugawiwa kitu tu endapo mahakama yakiri kwamba kuchelewa hakukuwa kosa lake.

Kisha mali huuzwa, na fedha hugawanywa kwa zamu. Tuseme mali imeuzwa kwa dola 100,000. Gharama za mahakama zachukua 10,000. Mishahara ya wafanyakazi ambayo sheria imeipa heshima ya kwanza yachukua 30,000. Benki yenye rehani juu ya nyumba na mitambo yapata 40,000. Kodi na madai mengine yenye haki ya kutangulia yachukua 5,000. Zasalia 15,000. Lakini wadai wa kawaida, wasio na rehani wala upendeleo, wadai jumla ya 150,000. Kila mmoja atapata sehemu moja katika kumi. Mama yetu aliyedai dola 800 atapokea 80. Ni kidogo, nasi hatutaki kumdanganya mtu. Lakini asiyeandikisha deni lake hata hizo 80 hazioni.

Watu wa Kabambare hawana haja ya kutafuta mifano mbali. Kampuni ya Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya machimbo ya Kivu na Maniema, ilidhoofishwa na kuanguka kwa bei ya bati mwaka 1985, hata ikavunjwa mwaka 1997. Wafanyakazi wake wa zamani walidai malipo yao ya mwisho kwa miaka mingi baadaye.

Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, ikaja mikononi mwa kampuni ya Banro ya Kanada. Desemba 2017 Banro, pamoja na makampuni yake yaliyoandikishwa kisiwani Barbados, iliomba ulinzi wa mahakama ya Ontario, kwa sheria ya Kanada. Mwaka 2018 wakopeshaji wakubwa walikubali sehemu kubwa ya madeni yao igeuzwe kuwa hisa, na wenye hisa wa zamani wakatoka mikono mitupu. Kazi iliendelea, kisha Septemba 2019 ikasimamishwa kwa ajili ya ukosefu wa usalama.

Tazameni jambo moja hapo. Shauri lilikuwa Toronto, na kampuni ya Kongo iliyoshika machimbo ya Namoya haikuwa miongoni mwa zile zilizoomba ulinzi. Mama na binti ni watu wawili mbele ya sheria. Aliyemkopesha binti hamdai mama, isipokuwa mama ametia sahihi kuwa mdhamini. Kwa hiyo kusema tu "nawadai wazungu wa machimbo" hakutoshi. Yapasa kujua jina kamili la kampuni iliyopokea mali yako.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi twawashauri hivi. Kila upelekapo mali, omba hati yenye tarehe, kiasi, bei, jina la kampuni na sahihi ya aliyepokea. Mfanyakazi atunze mkataba wake na karatasi za mshahara mahali pasipofika mchwa wala mvua. Aliyeikodisha kampuni gari au mashine yake asidhani imekwisha kupotea: hiyo si mali ya kampuni, basi awahi kudai arudishiwe. Wadai wadogo waungane, wamtume mmoja anayejua kusoma na kuandika aende mahakamani Kindu au penginepo shauri liliposikilizwa, nao wachange nauli yake. Na malipo yakianza kuchelewa, usiongeze mkopo kwa tumaini la kuokoa ule wa kwanza.

Ninyi wanafunzi mna kazi hapa. Mama zenu wengi wajua kuhesabu magunia kwa kichwa bila kukosea hata kikombe, lakini mahakama haisomi vichwa vya watu. Jioni ya leo chukueni daftari moja, kaeni karibu naye, mkaandike: nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini. Daftari hilo halitazuia kampuni kuanguka. Lakini siku wadai watakapoitwa, mama yenu atakuwa na neno la kusema na karatasi ya kulithibitisha.