Ngome ya Maboksi

Hapa Lunga Lunga maneno mawili husikika kila mwalimu awatakapo wanafunzi wake kuunda kitu kwa mikono. La kwanza, "Huo ni mchezo wa watoto." La pili, "Fundi yupo, mpe fedha." Nakusudia kuyapinga yote mawili, kwa kuwa nimeiona hasara yake, na hasara moja niliileta mimi mwenyewe.

Siku moja niliwaambia wanafunzi wangu waunde mfano wa Ngome ya Yesu ya Mombasa. Mvulana mmoja alileta ngome ya mbao, imepigwa randa na kupakwa rangi. Ilikuwa kazi ya seremala. Msichana mmoja alileta ngome ya maboksi, imegandishwa kwa uji wa unga wa ngano, na ukuta mmoja umepinda. Nikampa mvulana alama za juu. Kisha nikauliza, "Kwa nini pembe za ngome zimetokeza nje?"

Mvulana alinyamaza. Msichana akasema, "Mwalimu, kwanza nilidhani ni pambo, nikaziacha. Lakini nilipopanga askari wangu wa kunde juu ya ukuta ulionyooka, adui aliyejibanza chini yake hakuonekana. Nilipozitokeza pembe, askari wa pembe moja alimwona adui aliye chini ya ukuta wa jirani."

Hayo ndiyo mawazo ya Giovanni Battista Cairati, Mwitalia aliyeichora ngome ile, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Binti yule aliyapata kwa mkasi na boksi la sabuni. Alama zilikuwa zimekwisha andikwa, nami sikuzifuta. Naona haya hata leo.

Basi wasemao kwamba huu ni mchezo nawakubalia: ni mchezo. Walakini mchezo si adui wa elimu. H. G. Wells, mwandishi wa Uingereza, hakuona aibu kutoa kitabu kizima mwaka 1913 juu ya vita vya askari wa sanamu vichezwavyo sakafuni. Nawe icheze vita ya Mombasa juu ya meza yenu. Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, karibu miezi 33. Weka punje za mahindi ndani ziwe Wareno, na kunde nje ziwe Waomani. Weka na kikombe cha mchele kiwe ghala, ukipunguze kila mwezi wa mchezo. Utaona ukuta umesimama mzima na walio ndani wamekwisha. Ndivyo ilivyokuwa: maradhi na njaa viliua wengi ngomeni kuliko mizinga.

Tena utajiuliza walio ndani walikuwa akina nani. Hawakuwa Wareno peke yao. Mwaka 1697, Wareno wa ngomeni walipokwisha kufa karibu wote, Bwana Daud wa Faza, mtu wa pwani hii yetu, ndiye aliyeshika uongozi. Hapo mahindi na kunde havitoshi. Itakubidi kutafuta mbegu ya tatu. Anayetafuta mbegu hiyo amekwisha anza kusoma historia kwa haki.

Sasa niwajibu wasemao fundi yupo. Najua wazazi wananung'unika tangu mtaala wa umilisi ulipoenea shuleni mwaka 2019, na mwalimu adaiye rangi na karatasi ngumu za dukani anastahili kunung'unikiwa. Lakini ngome haitaki fedha. Maboksi hutupwa nje ya maduka yetu kila jioni. Gundi ni uji. Mchanga uliochanganywa na majivu hufanya ukuta ufanane na jiwe la matumbawe. Bomba la kalamu iliyokwisha wino ni mzinga, na chelewa za fagio kuukuu ni ngazi za kukwelea ukuta. Mzazi amlipaye fundi hamsaidii mwanawe; amemnunulia ukimya mbele ya swali. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukipewa fedha za fundi, zirudishe kwa adabu, uombe boksi na mkasi. Usiogope ukuta uliopinda. Utakapouliza kwa nini umepinda, utakuwa umeanza kujifunza. Nawe utakayekuwa mwalimu kesho, uliza swali kwanza, ndipo uandike alama. Mimi nilitanguliza alama, na aliyestahili akarudi nyumbani na ngome yake kichwani bila sifa.