Kazi Isiyokwisha Ikabidhiwe Mikono Mingine

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mijini, chini ya kitanda cha mzee au katika pembe ya stoo, liko sanduku ambalo watoto hukatazwa kuligusa. Ndani yake mna tupa, patasi, koleo, nyaya za shaba, na pengine chombo fulani ambacho mwenyewe alianza kukiunda miaka mingi iliyopita asikimalize. Akiulizwa, hujibu kwamba siku moja atakirudia. Mara nyingi siku hiyo haifiki. Mzee akishafariki, sanduku hufunguliwa na watu wasiojua kilichomo, na vyote vikauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Wiki hii tuzungumze juu ya namna ya kukabidhi kazi ya namna hiyo wakati mwenyewe angali hai. Mfano wetu ni saa moja iliyoanzwa na fundi Mwingereza na kukamilishwa na wengine.

Asili ya habari hii ni John Harrison, mtoto wa seremala, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1693. Ufundi wa saa alijifundisha mwenyewe, na saa zake za kwanza alizichonga kwa mbao. Ulimwengu humkumbuka kwa saa ya baharini aliyoikamilisha mwaka 1759, ambayo ilimwezesha nahodha kujua chombo chake kimefika wapi upande wa mashariki au wa magharibi. Lakini mwaka 1775, akiwa amekwisha pita umri wa miaka 80, alitoa kitabu kidogo chenye dai la ajabu. Alisema kwamba saa ya pendulamu, yaani yenye uzito unaoning'inia na kuyumba, ikiundwa kwa kanuni zake, haitakosea zaidi ya sekunde moja katika siku 100. Siku 100 ni sekunde 8,640,000.

Watu walimdhihaki, na wako waliosema kuwa uzee umemharibu akili. Kitabu chenyewe kiliwapa wenye dhihaka nguvu, kwani sentensi zake zilikuwa ndefu na zenye kutatizana kama nyavu zilizokunjwa ovyo, na fundi hakuweza kuunda saa kwa kukifuata. Harrison akafariki mwaka 1776. Aliyoyajua alikwenda nayo kaburini, isipokuwa yale machache yaliyojificha katika kurasa zile ngumu.

Ili tupate kuelewa ukubwa wa dai lile, tuwatazame maadui wa saa. Joto hurefusha fimbo ya pendulamu, na fimbo ndefu huyumba polepole, hata saa ikachelewa. Baridi hufanya kinyume chake. Mafuta yanayolainisha magurudumu huganda na kushika uchafu. Hewa nayo, inapokuwa nzito au nyepesi, huipinga pendulamu kwa nguvu zisizolingana. Mafundi wengi waliyatibu maradhi haya kwa kuitia pendulamu uzito mkubwa na kuiachia iyumbe kidogo sana. Harrison alishika njia nyingine. Aliiacha iyumbe kwa upana. Kifaa cha kuisukuma alikiunda chenye vikono vinavyoruka mfano wa miguu ya panzi, kisichohitaji mafuta. Fimbo aliiunda kwa shaba ya njano na chuma cha pua pamoja, ili kila kimoja kirekebishe urefu wa mwenzake.

Takriban miaka 200 baadaye, katika miaka ya 1970, Martin Burgess, Mwingereza aliyekuwa akiunda saa kubwa za sanaa katika karakana yake, aliamua kulipima dai hilo kwa vitendo. Mwenzake katika utafiti huo, William Laycock, alikuwa amechambua maandishi ya Harrison, na kitabu chake kilitoka mwaka 1976. Burgess alianza kuunda saa mbili kwa kanuni za mzee yule, ila fimbo za pendulamu aliziunda kwa madini ya kisasa: duralumini, pamoja na inva, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao karibu haubadiliki kwa joto. Saa moja ilikamilika, ikapelekwa katika mji wa Norwich. Ya pili, iliyoitwa Saa B, ilibaki karakanani nusu nusu, mwaka baada ya mwaka, huku mwenyewe akizeeka.

Mwaka 2009 saa hiyo ilipita katika mikono ya Donald Saff, msanii wa Kimarekani aliye mpenzi mkubwa wa ufundi wa saa. Angeweza kuisimamisha sebuleni iwe pambo la kuonyesha wageni. Badala yake aliipeleka London, kwa mafundi wa kampuni ya Charles Frodsham, waikamilishe kwa kufuata nia ya aliyeianza.

Ilipokamilika ilipelekwa Greenwich, katika jengo la kale la kuchunguzia nyota, ikatazamwe na wataalamu. Ikafungwa ndani ya sanduku la plastiki angavu, na sanduku likatiwa lakiri mbele ya mashahidi, mtu asipate kuigusa. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya siku 100, hesabu ilifanywa. Saa ilikuwa imekosea kwa sehemu tano kati ya nane za sekunde moja tu. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa saa ya pendulamu iliyo sahihi kuliko zote zinazoyumba katika hewa ya kawaida. Hivyo mzee aliyedhihakiwa mwaka 1775 alithibitishwa kuwa alisema kweli, na saa iliyomthibitisha inaitwa hadi leo kwa jina la Burgess.

Ndugu msomaji, ni vigumu kwa fundi kuitoa kazi ambayo ameilalia na kuiamkia. Wengine huona kwamba kuikabidhi ni kukiri kuwa siku zao zimekwisha. Lakini tulinganishe. Saa B kama ingebaki karakanani, ingekuwa rundo la madini, na dai la Harrison lingeendelea kuwa mzaha. Ilipotoka, aliyeianza hakupungukiwa na heshima hata chembe.

Basi mwenye kazi na afanye mambo matatu. La kwanza, aandike. Asiandike kama Harrison, bali kama Rupert Gould, yule afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyezikuta saa za baharini za Harrison mwaka 1920 zikiwa chafu na zimeliwa na kutu. Gould alizitengeneza kwa miaka mingi bila malipo. Moja peke yake ilimchukua miaka saba. Aliacha madaftari 18 yenye michoro na maelezo. Daftari la shule latosha: kipande hiki ni cha nini, nilijaribu nini kikakataa, nilikusudia nini baadaye. Yaliyokataa yana thamani sawa na yaliyokubali, kwani humwokolea mwenzako miaka.

La pili, achague mtu kwa mapenzi yake ya kazi. Mtoto wa fundi si lazima awe fundi, na hilo si kosa lake. Pengine anayefaa ni kijana wa jirani anayekuja kila jioni kuuliza maswali mpaka anachosha. La tatu, jambo lifanywe peupe. Mama wa nyumba na watoto wajue nini kimetolewa, kwa nani, na kwa bei gani kama ipo. Vitu vilivyotolewa kwa siri huzaa magomvi ya mirathi, na magomvi hayo huiua kazi kwa haraka kuliko kutu.

Mpokeaji naye ana wajibu wake. Asianze kubadili kabla ya kuelewa. Kipande kinachoonekana cha kipuuzi, kama vile vikono vya panzi vilivyowachekesha wengi, huenda ndicho roho ya chombo. Amuulize mzee wakati angali na pumzi za kujibu, na amwendee mara kwa mara kumweleza kazi imefika wapi, hata pale inapokuwa haiendi. Na siku chombo kitakapofanya kazi, jina la aliyekianza litajwe kwanza, na aliyekikamilisha alifuate. Fundi akiwa na hakika ya jambo hilo moja, mkono wake hautakuwa mzito kutoa.