Uwanja wa mbwa wenye fensi: kijana Muislamu, hili ni lako pia



Najua ukisikia "uwanja wa mbwa" utacheka. Utasema hayo ni mambo ya Wazungu na mabwanyenye wa Runda, sisi wa Kimbo na Makongeni tuna shida zetu. Sawa, cheka kwanza. Halafu nijibu hili: ukitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kuswali Fajri, unapita wapi? Na mkononi umebeba nini?

Wengi wenu mmebeba jiwe. Au fimbo. Au mnasubiriana wawili watatu ndio mtoke, kwa sababu mbwa waliofunguliwa usiku walinde ploti bado wako nje, na geti liliachwa wazi. Dada zetu wengine walishaacha kutoka kabisa mpaka kupambazuke. Huo ndio uwanja wa mbwa tulio nao. Hauna fensi wala saa ya kufunga, na sisi sote tunaishi ndani yake.

Sasa tazama kile kinachofanywa kwingine. Huko Berkeley, California, uwanja wa Ohlone ulianza mwaka wa 1979 na unahesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake Marekani. Wazo lenyewe ni rahisi mno. Unachukua kipande cha ardhi ya umma, unakizungushia fensi, na humo ndani mbwa anaruhusiwa kufunguliwa kamba akimbie. Nje ya hapo, kamba shingoni. Viwanja vilivyotengenezwa vizuri huwa na geti mbili: unaingia ya kwanza, unaifunga, ndipo unamfungua mbwa kamba na kufungua ya pili. Kwa hivyo hakuna wakati ambapo njia iko wazi moja kwa moja hadi barabarani. Mbwa wadogo mara nyingi wana sehemu yao mbali na wakubwa. Mwenye mbwa anaokota kinyesi mwenyewe. Mbwa asiyechanjwa haingii.

Hapa kwetu, kutoka Githurai hadi Thika mjini, mimi sijaona hata mmoja wa umma. Kilicho karibu ni msitu wa Karura kule Nairobi, ambako mbwa wanaruhusiwa lakini wawe kwenye kamba. Na kumbuka Karura yenyewe ilipona kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa, Januari 1999, wakizuia isigawanywe kuwa ploti. Hakuna bustani ya umma Kenya inayobaki ya umma bila watu kuisimamia.

Kuna mtu hapa atauliza: Muislamu na mbwa wapi na wapi?

Swali zuri, na jibu ni refu kuliko tunavyodhani. Ukifuata madhhab ya Shafii, kama wengi wetu, mate ya mbwa ni najisi na pale yalipogusa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wanaona mbwa aliye hai ni tohara. Kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba kumeruhusiwa katika hadithi. Unaijua pia hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa na kiu. Na vijana wa Pangoni, katika Suratul Kahf, walikuwa na mbwa wao mlangoni. Kwa hivyo yule anayesema dini yetu inafundisha kumtupia mbwa mawe, mwambie akasome tena. Na jirani anayesema Waislamu wanachukia mbwa, naye asome.

Kinachotusumbua ni mbwa anayekurukia umevaa kanzu ya swala, na mwenyewe anakupigia kelele kutoka ghorofa ya pili, "Usiogope, haumi!" Fensi inamaliza ugomvi huo. Yeye apate mahali pa kumfungua mbwa wake, wewe upate njia. Asiyetaka kuguswa na mbwa ana sababu kubwa kuliko mwenye mbwa ya kutaka fensi hiyo, na bado sisi ndio tunaocheka.

Halafu kuna kichaa cha mbwa, hapa sicheki. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa nacho kila mwaka duniani, na karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Dawa yake ni kuwahi: ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote. Mbwa asilimia 70 wakichanjwa mahali, ugonjwa unakosa pa kupita. Kenya ilijiwekea lengo la kuumaliza ifikapo 2030. Miaka imebaki mingapi? Uwanja wenye geti na mtu anayeuliza cheti cha chanjo ni njia moja ya kujua mbwa gani wa mtaa wamechanjwa.

Wako watakaosema pesa za mbwa zitoke wapi na watoto hawana hata uwanja wa mpira. Hoja hiyo naiheshimu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 Ruiru na zaidi ya 250,000 Thika, na kila ukigeuka ardhi inakatwa ploti za futi 40 kwa 80. Lakini ule uwanja mmoja uliobaki, watoto wanacheza juu ya kinyesi cha mbwa, na kinyesi hicho kina minyoo. Usikubali uwanja wa mpira ukatwe. Dai kona nyingine, hata robo eka, ili mbwa watoke kwenye ule wa watoto.

Unadai kwa nani? Kaunti ya Kiambu. Soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Leseni za mbwa na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti, na bustani za umma na burudani ni kazi ya kaunti. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, kwa hivyo vikao vya maoni ya wananchi usivipuuze. Ruiru na Thika pia zina bodi za manispaa.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye vikao hivyo tunaonekana tukija kwa ajili ya makaburi na hijabu tu. Ni haki zetu, tusiziache. Lakini taa za barabarani, maji taka, mbwa, hayo tunawaachia wengine waamue, kisha tunalalamika kwamba mji haututambui. Siku kijana wa kofia au dada wa hijabu atasimama aseme "mimi nataka uwanja wa mbwa, na ninataka chanjo ya bure kila wadi," ukumbi mzima utageuka kumtazama.

Ukienda, usiende peke yako. Mchukue jirani mwenye mbwa. Yeye anajua fensi ya futi nne mbwa mkubwa anairuka, wewe unajua geti lisiangalie njia ya kwenda msikitini. Andikeni ukurasa mmoja, mtie sahihi wote wawili, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.